Uzamili mpya wa kitaaluma: nijiunge na kundi la kwanza au nisubiri?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa wa afya ya umma, nimeajiriwa na kaunti na kituo changu ni Lamu mjini. Chuo kikuu kimoja cha hapa Pwani kimetangaza shahada mpya za uzamili za kitaaluma, ikiwemo ya afya ya umma na ya usimamizi wa miradi. Masomo ni jioni kwa mtandao, na wikendi moja kila mwezi ana kwa ana Mombasa. Wenzangu kazini wananivunja moyo. Wanasema hizo ni digrii za kulipia tu, hazina tasnifu, na nikisoma hiyo nisahau uzamivu. Digrii yangu ya kwanza ni daraja la pili la chini. Nijiunge na kundi la kwanza au nisubiri? Na kati ya hizo mbili nichukue ipi?

Jibu

Marahaba mwanangu. Nikupe msimamo wangu mapema: soma, na uchukue afya ya umma. Lakini usilipe hata pesa ya fomu kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi mambo nitakayokutajia hapa. Nimeshughulikia maombi ya uzamili katika Pwani hii kwa miaka mingi, na karibu kila niliyemwona akijuta, swali moja kabla ya kulipa lingemwokoa.

Nianze na wenzako. Ni kweli kwamba uzamili wa kitaaluma huwa na masomo mengi ya darasani, mazoezi kazini, na mwisho mradi mfupi mahali pa tasnifu ndefu. Kwamba kwa hivyo ni shahada dhaifu, hapo wamekosea. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu uliowekwa na sheria ya mwaka 2014, uzamili uko ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10, na mwenye mradi na mwenye tasnifu wote wanakaa hapo kwenye 9. Wala jambo lenyewe si la juzi. Harvard ilianza kufundisha uzamili wa biashara mwaka 1908. Johns Hopkins ilianzisha shule yake ya afya ya umma mwaka 1916, wakati Marekani ilikuwa na madaktari wengi wa kutibu mgonjwa mmoja mmoja na watu wachache mno waliofunzwa kuulinda mji mzima na maradhi. Huku kwetu, mpango wa mafunzo ya epidemiolojia uwandani, yaani kufuatilia maradhi yanavyoenea, FELTP, ulianza mwaka 2004, na wanafunzi wake hushinda zaidi kwenye milipuko yenyewe kuliko darasani. Huo ni uzamili wa kitaaluma, na sijamsikia mtu wa afya akiudharau.

Kuhusu uzamivu, mlango haufungwi, ila unaweza kuwa mwembamba. Idara inayopokea mwanafunzi wa uzamivu hutaka kuona kwamba anaweza kuendesha utafiti kwa miguu yake mwenyewe. Aliyeandika tasnifu anaitoa mezani. Aliyefanya mradi anautoa mradi, pamoja na makala aliyochapisha kama anayo, na huenda akaambiwa asome kwanza kozi za takwimu na mbinu za utafiti. Uliza basi kama chuo hicho kinamruhusu mwanafunzi kuchagua njia ya tasnifu ndani ya shahada hiyo hiyo. Vingine huruhusu. Iko pia stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya iliyoanzishwa Kilifi kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Pwani na kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, na mtu mwenye nia ya kweli ya utafiti aiangalie kabla ya kukata shauri.

Sasa ithibati, yaani idhini rasmi ya kozi. Zamani vyuo vikuu vya umma vilijianzishia kozi kwa uamuzi wa seneti zao. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilibadilisha hilo. Chuo, kiwe cha umma au cha binafsi, hupeleka mtaala wa kila kozi mpya kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, nayo huwapa wataalamu wa fani husika waukague. Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa vyote vilipata hati zao za kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013, na kozi zao mpya hupita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa "chuo chetu kina ithibati", jibu hilo halijakutosha. Unaulizia kozi hii. Tume huweka kwenye tovuti yake orodha ya kozi zilizoidhinishwa, chuo kwa chuo. Ifungue mwenyewe, uangalie jina neno kwa neno, maana Uzamili wa Afya ya Umma na Uzamili wa Sayansi katika Afya ya Umma huhesabiwa kozi mbili. Uliza pia kama idhini inagusa ufundishaji wa mtandaoni. Wakikwambia maombi yako Tume na majibu yako njiani, subiri. Hapo sina shaka hata kidogo. Nchi hii imeshuhudia vijana waliosoma uhandisi miaka mitano katika vyuo kadhaa, halafu bodi yao ikakataa kuwasajili kwa sababu kozi zao haikuzitambua. Miaka ile hakuna aliyewarudishia.

Na leseni ni jambo la mbali na shahada. Wewe tayari umesajiliwa na baraza la maafisa wa afya ya umma chini ya sheria ya mwaka 2013, kwa hiyo uzamili utakaa juu ya leseni uliyonayo. Lakini najua jibu hili litasomwa na wengine. Aliyesomea sosholojia akichukua uzamili wa afya ya umma atapata maarifa mazuri na kazi katika mashirika, ila hatakuwa afisa wa afya ya umma mwenye leseni. Uzamili wa sheria haumfanyi mtu wakili. Lazima apitie Kenya School of Law. Mwenye digrii isiyo ya ualimu, akitaka kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, anahitaji stashahada ya uzamili ya elimu kabla ya kufikiria uzamili wowote. Tangazo la kozi haliwezi kukwambia haya, kwa sababu kazi ya tangazo ni kuvuta wanafunzi.

Nifike kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote. Kwenu Lamu, mtu akikaa kudarsisha, wazee huuliza amesoma kwa nani. Pale kwenye Msikiti wa Riyadha, ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ina jina la sheikh aliyeitoa, na sheikh huyo naye anajulikana wake. Kozi mpya ya chuo kikuu iulize vivyo hivyo. Haina wahitimu wa kuwauliza, haina sifa mjini, wala haina mitihani ya miaka iliyopita. Ina walimu tu. Omba orodha ya watakaofundisha mwaka wa kwanza, somo kwa somo, kwa majina. Kanuni ni kwamba anayefundisha uzamili awe na uzamivu. Tazama wangapi wameajiriwa na chuo na wangapi ni vibarua wa muhula. Sisemi vibarua hawajui kazi. Baadhi yao ndio walimu bora niliowaona, hasa wanaotoka kazini moja kwa moja. Ila mwalimu wa muhula ambaye hajalipwa hukaa na alama za mtihani, na bila alama hupiti mwaka, na bila kupita mwaka hupewi msimamizi. Nimeona wanafunzi wakikwama hivyo kwa somo moja tu. Walimu wa kudumu nao wana yao: mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulioanza Septemba 2025 ulikwenda hadi Novemba, na kalenda za vyuo zikavurugika. Uliza chuo hufidia vipi muhula uliokatika.

Kisha tafuta kazi za hao walimu. Mwenye taaluma huwa ameandika kitu, au ameongoza kitu. Kwa afya ya umma hapa Pwani una bahati, kwa sababu KEMRI-Wellcome wako Kilifi tangu mwaka 1989, na eneo hili lina watafiti wengi kuliko watu wanavyodhani. Chuo chenye akili kitakuwa kimewaalika baadhi yao kufundisha au kusimamia. Kama hakijafanya hivyo, na walimu wote wa epidemiolojia ni wa kukodiwa kutoka mbali kwa mtandao, ningekuwa na wasiwasi.

Mpigie mkuu wa idara. Mwulize swali moja la kitaaluma, lolote linalokusumbua kazini, usikilize anavyolijibu. Dakika kumi za simu hiyo zitakwambia mengi.

Mwisho wa kozi, yaani mradi, ndio unaowashinda wengi. Masomo ya darasani yana ratiba, yana wenzako, yana mtihani wa tarehe fulani, kwa hiyo watu huyamaliza. Mradi hauna wa kukusukuma, na huangukia wakati ambapo kazi, watoto na ada za muhula wa ziada vimekuzidia. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuuchagua mradi kabla hata ya kujiunga, na kuuchagua kutoka kwenye meza yako ya kazini.

Na wewe, mwanangu, umekaa juu ya hazina. Maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na ujenzi unazidi kuvikaribia; nani anapima visima vya mitaani, kwa utaratibu gani, na matokeo yanakwenda wapi? Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, mitaro yake iko wazi katikati ya vichochoro, na huwezi kuifumua bila kuwashirikisha watu wa makumbusho. Hilo ni swali la usafi wa mazingira ambalo halipo Nairobi wala Nakuru. Bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021, na kila bandari inahitaji huduma ya afya ya bandari: kukagua meli, mizigo, wadudu, mabaharia wagonjwa. Matende bado yanafuatiliwa Pwani yote. Ningekuwa wewe, ningechukua rufaa za wajawazito kutoka Faza, Kizingitini na Kiwayu hadi hospitali ya Lamu. Mama anaanza uchungu usiku, maji yamekupwa, boti haipiti mkondo, mafuta hayapo au nahodha hajapatikana. Ni saa ngapi zinapotea katika kila hatua? Rekodi ziko vituoni, manahodha wako, akina mama wenyewe wako. Mradi wa kurasa hamsini ukieleza vizuri saa zile zinapotelea wapi utasomwa na idara yako ya afya, jambo ambalo tasnifu nyingi nene hazijalipata.

Ila utafiti unaogusa watu au rekodi zao una vibali, na wanafunzi wa kaunti za mbali hupoteza muda mrefu hapa kwa kutojua mpangilio. Pendekezo lako likishapitishwa na idara, linakwenda kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukipata barua ya kamati, ndipo unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI. Kisha unaipeleka kwa idara ya afya ya kaunti na kwa msimamizi wa hospitali. Kuwa mfanyakazi wa kaunti hakukuruhusu kufungua rejesta ya akina mama wanaojifungua kwa ajili ya shahada yako. Uliza chuo kama kina kamati yake ya maadili au kinaazima ya wengine, na hukutana mara ngapi. Kamati inayokutana mara chache kwa mwaka inaweza kukulia muhula mzima.

Safari sasa. Darasa la Jumamosi saa mbili asubuhi Mombasa, kwa mtu wa kisiwani, linaanza Ijumaa asubuhi: boti hadi Mokowe, basi, vizuizi vya ukaguzi mpaka Garsen, halafu Malindi, halafu Mombasa. Kurudi ni Jumapili, na Jumatatu uko kazini. Uliza kama wanaotoka Lamu na Tana River wanaweza kuunganishiwa wikendi mbili kuwa wiki moja kwa muhula. Idara ikiwa changa, mambo kama haya hukubalika kwa urahisi, na hiyo ni faida ya kweli ya kundi la kwanza. Waulize pia tarehe za mitihani kabla hazijapangwa, ili zisiangukie kumi la mwisho la Ramadhani au siku za Maulidi, ambapo Lamu nzima ina wageni. Kwa mtandao, hakikisha mihadhara inarekodiwa. Umeme na intaneti vikikatika usiku mmoja, usipoteze somo.

Fedha sitaziongelea sana, ila ada inayotangazwa si ada yote. Omba jedwali kamili: usajili, mtihani, maktaba, usimamizi wa mradi, mahafali, na hasa kiasi cha kila muhula wa ziada baada ya muda wa kawaida kwisha. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo ya uzamili na ya wafanyakazi wanaojisomesha. Ukitaka kuepuka riba, vyuo vingi hukubali malipo kwa awamu ukiandika barua mapema, na benki za Kiislamu ziko Pwani. Kabla ya yote peleka ombi la kibali cha masomo kwa mwajiri wako. Shahada iliyosomwa bila kibali cha kaunti huleta ubishi faili lako linapofika mezani kupandishwa cheo. Na kama kaunti itakulipia, soma ule mkataba wa kukufunga kazini, miaka mingapi, na ukiondoka unarudisha nini.

Uliuliza uchukue ipi. Usimamizi wa miradi ni elimu nzuri kwa mtu ambaye kazi yake haina mwelekeo mmoja. Wewe unao. Chukua matangazo ya kazi za kaunti na wizara kwa vyeo unavyovitamani, uyasome masharti yake. Utakuta vyeo vya juu vya afya ya umma vinataka uzamili katika fani inayohusiana, na afya ya umma haina wa kuibishia. Utakuta pia vinataka kozi za uongozi za Kenya School of Government: ya wiki nne kwa mameneja, ya wiki sita kwa viongozi wa ngazi ya juu. Shule hiyo ina kampasi Mombasa na Matuga. Watu wengi wenye uzamili hukosa cheo kwa kukosa cheti hicho cha wiki nne, na ningekushauri ukipate kwanza ikiwa nafasi unayoitaka inatangazwa hivi karibuni. Stadi za kupanga mradi, bajeti na ufuatiliaji utazipata humo humo ndani ya afya ya umma, kwa sababu mitaala mingi ina somo la usimamizi wa huduma za afya.

Daraja lako la pili la chini lisikunyime usingizi. Vyuo vingi hupokea daraja la pili la juu moja kwa moja, na la chini likiambatana na uzoefu wa kazi, aghalabu miaka miwili. Barua ya mwajiri inayotaja tarehe na majukumu yako kwa undani ndiyo itakayokubeba, kwa hiyo isiandikwe kwa mistari miwili. Itaje vituo, kampeni za chanjo, milipuko uliyoshughulikia.

Kuhusu kundi la kwanza: darasa huwa dogo, walimu wana hamu, na malalamiko yako yanafika mbali. Hatari yake ni kozi kufungwa kwa kukosa wanafunzi, au mtaala kubadilishwa ukiwa katikati. Omba waandike ni wanafunzi wangapi wa chini kabisa wanaohitajika kuanza, na kwamba waliokwisha kuingia watamaliza kwa mtaala waliouanza hata kozi ikisimamishwa. Kama kozi iko kwenye orodha ya Tume, majina ya walimu yapo, na ahadi hiyo imeandikwa, ingia na kundi la kwanza. Kikikosekana kimoja katika hivyo vitatu, ngoja kundi la pili.

Barua yako iandikie ofisi ya msajili wa masomo ya uzamili, nakala kwa mkuu wa idara. Afisa wa masoko hana mamlaka ya kukuahidi kitu. Na kama siku ya mwisho ya maombi itafika kabla majibu hayajarudi, omba hata hivyo, maana barua ya kupokewa haikulazimishi kulipa karo, na vyuo vingi huruhusu aliyepokewa kuahirisha hadi mwaka unaofuata. Hapo utakuwa umepoteza pesa ya fomu peke yake, na kwa hali hiyo moja nakuruhusu uilipe.